Theluji Haipigwi Picha, Hupigwa Kivuli Chake

Hotuba iliyotolewa mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, mbele ya wapiga picha, walimu na wanafunzi, na kuandikwa upya na msemaji mwenyewe kwa ajili ya wasomaji.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, ndugu zangu wapiga picha, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi nilivyopiga picha za mandhari pana kwa droni katika kijiji kimoja cha Sweden wakati wa majira ya baridi. Nilipopokea ombi hilo nilijiuliza kwanza kama si mzaha kuja kuwasimulia watu wa Kasese habari za theluji, kwa kuwa ninyi mnaamka kila siku chini ya mlima wenye theluji, na Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, walikuwa na jina la kitu hicho, nzururu, tangu zamani, kabla ya mgeni yeyote kuja na kamba na shoka la barafu. Hata hivyo, kuiona theluji ikiwa mbali huko juu, pale mawingu yanapokubali kusogea, ni jambo moja, na kufungua mlango asubuhi ukaikuta imefunika kuni, choo, njia na baiskeli ni jambo jingine kabisa. Mimi nimekua nikiitazama hiyo ya mbali. Siku nilipoikanyaga hiyo ya karibu nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kamera yangu ilishangaa kuliko mimi.

Neno panorama nitalitumia kama lilivyo, kwa sababu wengi wetu tumeshalizoea. Maana yake katika kazi hii ni picha moja pana iliyoundwa kwa kuunganisha picha nyingi ndogo, zote zikiwa zimepigwa kutoka mahali pamoja huku kamera ikizunguka. Droni inafanya kazi hiyo ikiwa imetulia angani: inajigeuza hatua kwa hatua kama mtu anayetafuta sauti ilikotoka, na kila inaposimama inapiga picha moja. Droni yangu ina lenzi pana ya kawaida, na ili kumaliza mzunguko mzima inahitaji safu tatu za picha nane nane, pamoja na mbili za kuangalia chini kabisa, jumla 26. Juu ya kichwa chake haiwezi kuangalia, kwa hiyo utosi wa anga hubaki na tundu ambalo mpiga picha hulijaza baadaye kwenye kompyuta.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunibishia apate muda wa kujiandaa. Theluji yenyewe haipigwi picha. Kinachopigwa ni kivuli kilicholala juu yake, na kila uamuzi katika kazi hii, kuanzia saa ya kurusha droni, kimo cha kuirusha, upande wa kuielekeza na kiasi cha mwanga unachoruhusu kiingie katika kamera, unategemea swali moja tu: kivuli kiko wapi? Sikulijua hilo nilipotoka Uganda. Nililijua baada ya kuharibu kazi ya siku mbili na kutumbukia mtaroni, kama nitakavyoeleza.

Kijiji nilichokaa kiko katika jimbo la Dalarna, si mbali na mji wa Falun, kaskazini mwa ikweta kwa nyuzi 60 na ushei. Nilifika katika wiki ya tatu ya Desemba, yaani kwenye siku fupi kuliko zote za mwaka. Jua lilichomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, na mchana wote haukutimiza saa sita. Wakati wa adhuhuri, saa ambayo jua la Kasese linatukalia utosini, jua la kule lilikuwa limeinuka nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho. Ukinyoosha mkono mbele ya uso na kukunja ngumi, jua hilo halifiki juu ya ngumi yako. Linaishia katikati ya vidole. Mti wenye urefu wa mita 10 hutoa kivuli cha karibu mita 95. Hapa kwetu, hata katika siku zile za mwaka ambazo jua la adhuhuri limeinama kuliko kawaida, mti wa kimo hicho hautoi kivuli cha kufika mita 5. Nilipopiga hesabu hiyo jioni ya kwanza, nikiwa nimekaa karibu na jiko la kuni, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sikuwa nimeifuata theluji peke yake. Nilikuwa nimefuata pia jua ambalo kwetu halipatikani mchana.

Shamba lenyewe lilikuwa la mzee mmoja aliyenipa chumba. Kulikuwa na nyumba, zizi, banda la nyasi kavu, uwanja mpana ulioteremka kuelekea ziwa dogo lililoganda, kisha misonobari mpaka upeo wa macho. Nyumba na banda vilipakwa ile rangi nyekundu iliyoiva ambayo mtu huiona katika vijiji vingi vya Sweden. Nawaomba watu wa Kilembe wasikilize hapa, kwa sababu rangi hiyo inatoka kwenye mgodi wa shaba. Falun walichimba shaba kwa karne nyingi, mgodi ukafungwa mwaka 1992, na rangi hutengenezwa kutokana na mabaki ya mawe yaliyotupwa kando ya mgodi, yenye chuma na shaba ndani yake. Sisi tulichimba Kilembe tangu 1956 hadi 1982, nasi tuna vilima vya mabaki yetu. Sisemi tupake nyumba zetu rangi hiyo. Nasema tu kwamba niliposimama mbele ya banda lile, nikiwa mgeni wa kila kitu, rangi yake haikuwa ngeni kwangu. Kwa mpiga picha, jengo moja jekundu katikati ya eneo jeupe ni bahati kubwa, maana jicho hupata pa kuanzia.

Siku ya kwanza kulikuwa na mawingu mazito. Nikarusha droni kwa pupa ya mgeni, ikazunguka, ikapiga picha zake 26, nikarudi ndani nikiwa nimeridhika. Kwenye kompyuta nilikuta majivu. Theluji yote ilikuwa ya kijivu, kama uji wa ulezi uliopoa, na anga lilikuwa na kijivu hichohicho, kiasi kwamba mpaka kati ya mbingu na ardhi haukujulikana. Sababu ya kwanza ni ya kamera. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba ulimwengu, kwa wastani, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaouangukia, na kwa shamba la mihogo au mtaa wa mji dhana hiyo inafaa. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera ikiona weupe huo hufikiri imezidiwa na mwanga, ikajifunga, na theluji ikatoka chafu. Dawa yake ni kuiambia kamera kwa mkono iongeze mwanga, hatua moja na nusu au karibu mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu), huku ukiangalia grafu ya mwanga kwenye skrini ili weupe usivuke mpaka na kugeuka tundu tupu lisilo na chembe yoyote ya undani.

Sababu ya pili haikuwa na dawa. Hakukuwa na jua, kwa hiyo hakukuwa na kivuli, na bila kivuli uwanja wa theluji ni shuka iliyotandikwa. Hata ningepima mwanga kwa ustadi gani, ningepata shuka safi badala ya shuka chafu.

Kosa langu la pili siku hiyo ni la ushonaji, na nalieleza kwa neno hilo kwa makusudi. Nilikuwa nimeiacha kamera ijiamulie yenyewe mwanga na rangi kwa kila picha. Picha iliyoelekea msituni ilitoka na rangi ya manjano kidogo, iliyoelekea ziwani ikatoka ya samawati, na programu ilipoziunganisha zote nikapata upeo wa macho wenye viraka, kama kitenge kilichoshonwa na fundi aliyelewa. Kila aliyewahi kupeleka kitenge kwa fundi mzuri anajua kwamba kazi haionekani katikati ya kitambaa. Inaonekana kwenye mshono, pale ua la upande mmoja linapokutana na ua la upande wa pili. Panorama ni hivyohivyo. Kabla ya picha ya kwanza, kiasi cha mwanga kinawekwa kwenye namba moja, kasi ya shata vilevile, na vilevile mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera rangi ipi ihesabiwe nyeupe, ambayo mimi huiweka karibu na Kelvini 5,500, na haviguswi tena hadi picha ya mwisho. Picha zenyewe zihifadhiwe kama faili ghafi, yaani kabla kamera haijazichakata, na kila moja ilalie jirani yake kwa theluthi moja hivi, ili programu ipate kitambaa cha kutosha cha kukunja kwenye mshono.

Kuhusu rangi ya samawati ndani ya vivuli, wengi hukimbilia kuiondoa wakidhani ni kosa. Si kosa. Mahali ambapo jua halifiki, theluji huangaziwa na anga peke yake, na anga ni la samawati; ukiiondoa rangi hiyo umefuta ushahidi kwamba siku ile kulikuwa na anga.

Siku ya pili ndiyo ya aibu. Asubuhi kipimajoto kilionyesha nyuzijoto 14 chini ya sifuri, ambayo si mbali na friza za wauza samaki wetu, na mawingu yalikuwa bado yapo. Niliiweka droni nje juu ya ubao, nikamaliza kahawa yangu kwa utulivu, nikazungumza na mzee, kisha nikairusha. Betri ilikuwa imekaa nje nusu saa. Katika safu ya pili ya picha, kiasi cha chaji kiliporomoka mbele ya macho yangu kutoka asilimia 61 hadi 23 ndani ya muda ambao hata wimbo mmoja haujaisha. Droni ikapiga kelele, ikaacha kazi, ikaanza kurudi, halafu ikaamua kwamba haifiki na kushuka yenyewe katikati ya uwanja.

Betri ya lithiamu haipotezi chaji yake kwa sababu ya baridi. Kinachotokea ni kwamba kemikali zilizomo zinafanya kazi polepole, ukinzani wa ndani unapanda, na mota zinapodai umeme mwingi kwa ghafla volteji inazama kana kwamba betri imekwisha. Ukiipasha joto, chaji inarudi. Kwa hiyo betri hutunzwa mwilini. Nilijifunza kuzibeba ndani ya koti, karibu na ubavu, kama mtu anavyobeba kifaranga kilichonyeshewa, na kuiingiza moja ndani ya droni dakika ya mwisho kabisa. Kisha kuiacha droni ielee kwa dakika moja hivi karibu na ardhi ili betri ijipashe kwa kazi yake yenyewe kabla ya kupanda. Hata hivyo muda wa kuruka hupungua sana, na mpiga picha mwenye akili huhesabu panorama moja kwa betri moja.

Narudi uwanjani. Nilikwenda kuichukua droni kwa miguu, na theluji ilikuwa inanifika mapajani. Mbele yangu kila kitu kilikuwa tambarare na cheupe. Hatua ya sita au ya saba kabla ya kuifikia, ardhi iliniacha, nikazama mpaka kifuani ndani ya mtaro wa kupitishia maji ya shamba ambao theluji ilikuwa imeujaza. Mzee alicheka kwanza, kisha akaja na koleo. Nilipokuwa nimekwama pale, nikisubiri kuchimbuliwa kama muhogo, niliutazama uso wa theluji ukiwa usawa wa kidevu changu, nao ulikuwa na bonde dogo kabisa kufuata mtaro ule mwanzo hadi mwisho. Lilikuwepo muda wote. Nilikuwa nimelitazama kwa macho na kwa droni, kwa siku mbili, na sikuliona, kwa sababu hakukuwa na jua la kulitia kivuli.

Niongeze haraka mambo mawili ambayo baridi ile ilinifundisha. Kamera ndogo zilizo tumboni mwa droni, zinazoisaidia kutulia na kutua, huhitaji kuona kitu chenye alama. Juu ya theluji tupu hazioni chochote, na droni husitasita au kuyumba. Irushwe na itue kwenye ubao au mkeka wenye rangi, jambo ambalo pia huzuia propela zisinyonye theluji na kuipuliza ndani ya mota. La pili, ukiiingiza droni iliyoganda kwenye chumba chenye joto, unyevu wa chumba utageuka matone juu yake na ndani yake, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa bado nje, na ibaki humo mpaka ipate joto la chumba.

Siku ya tatu jua lilitoka.

Sitaweza kueleza vizuri kilichotokea kwenye uwanja ule saa tano asubuhi, lakini nijaribu. Kila kitu kilichokuwa kimelala kiliamka. Mtaro wangu ulionekana kama mstari wa wino, na sambamba nao ikaonekana mitaro mingine minne ambayo sikuijua. Nyayo za mbweha zilitoka msituni, zikazunguka banda la nyasi mara moja, zikarudi msituni, na kila unyayo ulikuwa kikombe kidogo cha samawati. Misonobari ilirusha vivuli vyake kuvuka uwanja wote hadi kwenye barafu ya ziwa. Hesabu ni ileile niliyoifanya karibu na jiko: jua likiwa nyuzi 6, tuta lenye kimo cha sentimita 15, yaani shubiri moja ndogo, hutoa kivuli cha mita 1.4. Kitu usichokiona ukikikanyaga kinageuka kuwa alama inayoonekana vizuri ukiwa juu yake mita 30.

Nimetaja mita 30 kwa sababu kimo ni jambo ambalo wapya hukosea. Sheria za Ulaya zinaruhusu droni za kawaida kupanda hadi mita 120 juu ya ardhi, na mwenye droni mpya hupenda kuzimaliza zote. Kwa mandhari ya theluji, mita 120 hugeuza shamba kuwa ramani: vivuli vinabana, nyayo zinapotea, na banda linakuwa kiberiti. Mimi napenda kimo kinachopita kidogo tu vilele vya miti, kati ya mita 25 na 40, ambapo macho bado yanaweza kuingia ndani ya picha na kutembea.

Halafu kuna swali la jua liko upande gani, na hapa ndipo panorama inapotofautiana kabisa na picha ya kawaida. Mpiga picha wa kawaida huchagua mwanga mmoja. Anayezungusha kamera duara zima hupewa mianga yote kwa pamoja, atake asitake. Upande wa jua atapata vivuli vinavyomjia mbele, vyeusi na virefu, na jua lenyewe ndani ya picha. Pande mbili za ubavuni atapata ule mwanga mzuri kuliko wote, unaolaza vivuli kutoka upande mmoja wa picha kwenda mwingine. Upande alioupa jua mgongo hatapata kitu: kila kivuli kimejificha nyuma ya kitu kilichokitupa, na theluji imerudi kuwa shuka.

Upande huo mtupu una madhara mawili. Macho hulala hapo, hilo la kwanza. La pili ni kwamba programu ya kuunganisha, nami natumia Hugin, ambayo ni ya bure na mwanafunzi yeyote aliye hapa anaweza kuipakua leo, hufanya kazi kwa kutafuta alama zilezile katika picha mbili zilizolaliana: ncha ya nguzo, jiwe, tawi. Ukiipa picha mbili za weupe mtupu haina cha kushika, na huziweka mahali pasipo pake, au hukataa kabisa. Nimewahi kupata msitu uliovunjika katikati kwa sababu hiyo. Dawa niliyoipata ni kuchagua mahali pa kusimamisha droni ili upande utakaoupa jua mgongo uwe na kitu chenye umbo lake chenyewe. Nilizunguka shamba lile kwa miguu, nikiwa na kijiti, nikikichomeka na kuangalia kivuli chake kinaelekea wapi, mpaka nikapata sehemu ambayo uwanja mtupu ulikuwa ubavuni mwa jua, na zizi, uzio na nyumba nyekundu vilikuwa upande wa mgongo. Kijiti kile kilinifaa kuliko programu yoyote ya simu.

Jioni nilimwonyesha mzee picha iliyounganishwa. Aliipitia polepole, akiisogeza kwa kidole, na akasimama mahali ambapo mimi sikuona chochote cha maana. Mistari miwili hafifu ilikata uwanja kwa mshazari, ikiwa imeachana kwa upana wa gari la kukokotwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo njia ya zamani ya kwenda ziwani, aliyopita akiwa mtoto pamoja na baba yake, kabla ya njia ya sasa kuchimbwa. Alikuwa amelima juu yake maisha yake yote na hakuwahi kuiona tena. Wachunguzi wa mambo ya kale wanalijua jambo hili siku nyingi. Huruka na ndege ndogo asubuhi na jioni, au baada ya theluji kuanguka, wakitafuta misingi ya majengo na mahandaki yaliyofukiwa, kwa sababu jua la chini huonyesha kile ambacho jembe limekisawazisha.

Sasa kwetu. Hatuna majira ya baridi, na jua letu halina subira. Hapa Kasese linachomoza karibu saa moja asubuhi na kupanda takriban nyuzi 15 kwa saa, maana yake liko chini ya nyuzi 10 kwa dakika 40 tu. Jioni hatupati hata hizo, kwa kuwa Rwenzori iko magharibi mwetu na jua huingia nyuma yake mapema. Mpiga picha wa droni wa Kasese ana dakika 40 za asubuhi, na azitumie akiwa tayari ameshachomeka kijiti chake siku iliyotangulia. Ningependa sana kuona dakika hizo zikitumika juu ya Bigo bya Mugenyi, kule Sembabule, kusini mwa mto Katonga, ambako wazee wa kale walichimba mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Nilikwenda huko kwa miguu, tena saa sita mchana, nikasimama ndani ya nyasi na sikuweza kutenganisha handaki na bonde. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda bila kivuli.

Na ningependa zitumike juu ya mlima wetu. Mwaka 1906 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa panorama. Mwezi wa Mei, mpiga picha Mmarekani George Lawrence alipandisha kamera kwa tiara 17, yaani vishada vya kurushwa kwa uzi, hadi mita 600 hivi juu ya bahari, akapiga San Francisco ikiwa magofu baada ya tetemeko la Aprili, kwenye bamba moja la picha lenye upana unaozidi mita moja. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Juni, Luigi Amedeo, mwana mfalme wa Italia na Duke wa Abruzzi, alifika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mita 5,109, na katika msafara wake alikuwepo mpiga picha Vittorio Sella. Sella hakuwa na tiara wala droni. Alikuwa na mabamba ya kioo ya kupigia picha, wapagazi, na ukaidi wa kungoja mawingu, akazungusha kamera yake juu ya vilele hivi na kutuachia panorama ambazo wanasayansi bado wanazitumia kupima barafu iliyopotea. Wakati wake barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 haikufika hata 1. Mtu anayetaka kupiga panorama ya nzururu akiwa Uganda hana miaka mingi ya kusitasita.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya Dalarna. Baridi ipo, na juu ya hilo hewa ya mita 5,000 ina uzito wa takriban asilimia 60 tu ya hewa ya pwani, kwa hiyo propela hupiga hewa nyepesi na betri hulipa gharama. Droni nyingi ndogo watengenezaji wake hawaziruhusu kuruka kwenye kimo hicho. Sheria nazo zipo. Kule Sweden nilisajiliwa, nikaiweka droni mahali ninapoiona kwa macho, na picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani ziliniwajibisha kuomba kibali cha mamlaka ya upimaji kabla ya kuzisambaza. Hapa kwetu kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna ruhusa ya vyombo vya usalama, na ndani ya hifadhi kuna Mamlaka ya Wanyamapori. Vijana hulalamika kwamba makaratasi ni mengi. Ni kweli ni mengi, lakini yote kwa pamoja hayajafikia uzito wa mabamba ya kioo ya Sella.

Mheshimiwa mwenyekiti, ninayo panorama ya siku ya tatu, nami naomba taa zizimwe na mapazia yafungwe ili tuitazame ukutani. Imepunguzwa, ni nusu ya duara tu, ule upande wa ubavuni mwa jua. Tuanzie kushoto, kwenye banda jekundu, twende na vivuli kuelekea ziwani. Mtaro nilioangukia sitawaonyesha kwa kidole. Mtauona wenyewe, maana siku hiyo jua lilikuwepo.